Karatasi ya Bien-être

Benchi la njia panda, ukishuka kutoka kambi ya jeshi ya Katindo, wenyewe waliliita Parlement, na nani angewakataza. Lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili ya volkano, na nyuma yake ukuta wa mabati wenye matundu ambayo hakuna aliyeuliza tena yalitoka wapi. Ulikuwa mwaka ule vita ilipousogelea mji hadi watu wakawa wanalala na viatu, na mizinga ikinguruma nyuma ya vilima, mama wa kukaanga beignets hageuzi hata kichwa. Kila asubuhi Mama Apolline, muuza kahawa, alileta termosi mbili za kahawa ya Butembo na vikombe vinne vya plastiki. Ukikuta vinne vyote vina watu, ungoje zamu. Wabunge wenyewe walikuwa watatu. Kulikuwa na Kataliko, mfanyabiashara wa maharagwe aliyefungiwa njia ya kurudi kwao Butembo. Walimwita Météo, utabiri wa hewa, maana kila kukicha alitangaza bomu limeanguka wapi na kesho litaanguka wapi. Kulikuwa na Namegabe, karani mstaafu wa upande wa Bukavu, waliyemwita Maître kwa ajili ya Kifaransa chake. Na kulikuwa na Balagizi, Papa Bâche, mtunza stoo wa shirika moja la misaada. Yeye ndiye aliyegawa bâche, yale maturubai ya kuezekea vibanda, katika kambi ya wakimbizi upande wa Munigi.

Jumatatu ile Papa Bâche alikuja na bic ya kuandikia na karatasi. Aliilaza juu ya goti akajaribu kuinyoosha kwa kiganja, ikakataa kunyooka, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa unatetemeka wiki ya tatu sasa. Ulianza siku bomu lilipoangukia foleni ya bâche kule kambini na kumuua Laurent, msomaji wa majina, mwenzake kazini kwa miaka sita. Laurent alikutwa orodha ya majina bado iko mkononi. Tangu siku hiyo Balagizi hakurudi kambini. Kule bureau, ofisini kwao, aliwaambia ana malaria. Ufunguo wa dépôt, ghala la bâche, ulikuwa mfukoni mwake, na bila yeye hakuna bâche iliyotoka.

— Soma, Maître, alisema. Saa tatu banaitaka ku bureau.

Namegabe alivaa miwani yake yenye mguu mmoja.

— «Bien-être kazini. Mfanyakazi mpendwa, sisi tunakujali.»

— Bakianza vizuri hivyo, ujue kuko kitu, alisema Météo.

— Bien-être ni kusema mutu aikale muzuri. Mu roho, mu mwili.

— Aikale muzuri wapi? Hapa Goma?

— Niache nisome. «Mwezi huu jaribu kitu kimoja kipya kazini. Kwa mfano: kula tunda, tumia ngazi badala ya lifti, pamba meza yako, zungumza na mwenzako usiyemzoea.»

— Meza yangu ni caisse ya sabuni, alisema Balagizi. Ngazi hatuna. Na mwenye nilizoea kuzungumuza naye, njo ule tulizika.

Mama Apolline alimwongezea kahawa bila kuombwa. Hakusema pole. Pole walikwisha kuitumia yote wiki ya kwanza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, na hapakuwa na siri: karatasi ikifika bureau imejazwa, kesho Jumanne Balagizi anapanda gari na kurudi kambini kugawa bâche. Isipofika, contrat inaisha mwisho wa mwezi, na ufunguo anapewa mwingine. Nyumbani watu tisa walikula kwa ufunguo ule. Na kurudi kule, kusimama mbele ya foleni ndefu na kusikiliza majina yakisomwa na sauti ambayo si ya Laurent, hilo hakuliweza. Alikuwa amelijaribu kichwani usiku kucha na kila mara alifika getini tu.

— Endelea, Maître.

— «Toka kwenye zone yako ya confort. Andika hapa kitu kipya utakachojaribu.» Kisha kuko mistari tatu mitupu, na fasi ya sahihi.

Maître alivua miwani. Alipovua miwani watu walijua sasa kinakuja kitabu kizima.

— Zone. Miye nilitumikia serikali wakati ya Zaïre. Masisi ilikuwa zone, Walikale ilikuwa zone. Mutu bakimuandikia atoke mu zone yake, iyo ni mutation. Papa Bâche, banakuhamisha.

— Banipeleke wapi?

— Fasi haina confort, haina raha. Si wameandika?

Moyo wa Balagizi ulinyanyuka kidogo, na aliona haya kwa vile ulivyonyanyuka haraka. Kuhamishwa. Walikale, msituni huko, kwenye matope na mbu, hata mbali zaidi, popote pasipo na foleni ile. Kazi ingebaki, na kambi isingekuwepo. Angeandika kwa mistari yote mitatu: ndiyo, nihamisheni.

— Mutation gani, alisema Météo. Mutation inakuyaka na karatasi peke. Weye bakakupa na mupira. Toa ule mupira batu baone.

Mpira ulikuwa mfukoni, pamoja na ufunguo. Ulikuwa mdogo, laini, wa manjano. Ijumaa bureau ilikuwa imewaita wafanyakazi wote, hata wagonjwa, kwenye kikao cha bien-être. Mama mmoja aliyetumwa na chef aliwaketisha kwenye duara, akawapa kila mtu mpira wa kuminya akisikia hofu, akawaambia wafunge macho, wavute pumzi, waishike, waiachie, huku wakiliwaza ziwa. Upepo ulipobamiza mlango, madereva wawili walijikuta chini ya meza. Yule mama naye.

Météo aliuminya mpira, akaunusa.

— Rangi gani hii?

— Jaune, alisema Maître.

— Na batu ya volkano bakipandisha bendera ya jaune, ni nini?

— Ni kusema mukae macho.

— Basi. Bale batu ya mashirika bana machine, banaona moto mu ndani ya mulima. Hawawezi kukuambia «kimbia», mji yote itakimbia, ndege yao itakosa njia. Banakupatia mupira ya jaune, banakuandikia kwa adabu: toka kwenye zone. Papa Bâche, iyo si kazi. Iyo ni évacuation.

— Volkano ililipuka juzijuzi tu, alisema Mama Apolline.

— Na ilikupa karatasi?

Kweli, haikumpa.

Maître hakupenda. Karani wa miaka thelathini hawezi kufundishwa karatasi na mtu wa maharagwe. Alirudisha miwani usoni, akairudia karatasi juu hadi chini kana kwamba imeongezeka mistari.

— Volkano, hapana. Papa Bâche, bakikufundisha kushika pumuzi, ni kwa nini?

— Banasema inapoza roho.

— Roho. Mutoto ya Goma akishika pumuzi anaogopa nini? Mazuku. Ile hewa mubaya ya mu mashimo, yenye inaua mbuzi na mutu akiinama kuifata. Sasa ziwa yote imejaa iyo hewa chini, na hakuna mwenye hajui. Wamewaambia muwaze nini, mukifunga macho?

— Ziwa, alisema Balagizi taratibu.

— Unaona.

— Kwa hiyo ziwa itapanduka, alisema Météo, ambaye sasa alikuwa amesahau kwamba anabishana. Bomu moja ikianguka mu maji, ziwa inapanduka, inapasuka yote. Na wenye watabaki ni wafanyakazi ya bureau peke, juu walifanya exercice ya pumuzi.

— Na matunda, aliongeza Maître. «Kula tunda.» Iyo ni ya njiani.

Wakakaa wakiitazama karatasi ile kwa heshima. Toka kwenye orodha ya matunda na ngazi walikuwa wameupata mwisho wa mji mzima, na ukweli ni kwamba uliwakaa vizuri kuliko matunda. Mwisho wa mji waliuelewa. Nyuma ya vilima mzinga uligonga mara mbili, na kahawa ikatikisika kikombeni mwa Balagizi peke yake.

— Munamufanyia mutu mchezo, alisema Mama Apolline. Angalieni mukono yake.

Waliangalia. Balagizi aliichukua karatasi kwa Maître akauficha mkono chini yake, karatasi ikaanza kutetemeka.

— Sema weye mwenyewe, Papa. Unataka kuandika nini?

Alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote, si bureau, si nyumbani.

— Nataka kuandika kama naogopa, alisema. Miye mutu muzima, niko naogopa. Nikiona batu wanne wamesimama mustari, hata ku maji, hata ku kanisa kwa komunyo, napita njia ingine. Lakini mutu anaandika vile ku bureau? Watasema huyu amekwisha.

— Usiandike, alisema Maître haraka. Andika tunda.

— Andika ndizi, alisema Météo.

Walimpenda, ndiyo maana walimwambia ndizi. Alilijua hilo, na halikumsaidia.

Ndipo alipokuja mwanamke mmoja. Alikuwa na beseni tupu kichwani na kitenge kilichofuliwa hadi maua yakafutika, miguu myeusi ya tope hadi magotini. Aliwasalimu mmoja mmoja, papa, papa, papa, mama, kama wanavyosalimu watu wa kule milimani. Akauliza kama kuna nyumba hapo karibu yenye nguo za kufua. Mama Apolline alimwambia apumzike kwanza, akamsugulia kikombe cha nne.

— Unatoka wapi, mama?

— Masisi. Lakini sasa ni ku camp, upande ya Munigi. Miye Sidonie.

Balagizi aliangalia chini.

— Kule munaikala je? aliuliza Météo, na papo hapo akajuta, kwa sababu wote watatu walijua jibu litamchoma nani.

— Vile tu. Bâche yetu ilipasuka na ile bomu. Mvua inatunyeshea na batoto bane. Banatuambia tungoje, mwenye funguo ni mugonjwa. Tunamuombea apone.

Alilisema bila uchungu wowote, na hapo ndipo lilipouma. Maître akajishughulisha na miwani. Hakuna aliyemgeukia Balagizi, hakuna aliyemtaja, na kwa jambo hilo aliwashukuru moyoni na kuwachukia pia. Wiki tatu. Kumbe malaria yake ya uongo ilikuwa inaombewa chini ya turubai lililopasuka.

Sidonie alikunywa kahawa kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

— Nilisikia nikikuya munasoma zone ya confort. Iko wapi iyo zone?

Parlement nzima ilikuwa imeizungumzia asubuhi yote, namna ya kuitoka, wanaotolewa, sababu ya kutolewa. Hakuna aliyewahi kuuliza iko wapi.

— Ni mbali? aliuliza tena. Juu miye naweza kutembea. Tulitoka Masisi na miguu.

— Mama, ni maneno ya bureau tu, alisema Maître kwa sauti ndogo.

— Najua. Bureau njo banaandika. Walituandika Sake, wakatuandika tena tulipofika huku, mara tano. Basi muniandike na iyo. Kama kuko nafasi.

Akatua beseni chini, akasogea karibu na Balagizi, akakaa vile wanavyokaa watu waliozoea kuandikwa: mgongo wima, mikono magotini, akingoja aulizwe. Mtu mwenye karatasi na bic mkononi, mji ule, alikuwa anaandikisha. Asingeweza kuwa anafanya kitu kingine.

Balagizi alitaka kumwambia kwamba ile ilikuwa karatasi ya kula matunda. Badala yake aliiweka bic kwenye mstari wa kwanza, mkono ukaruka, wino ukachora kitu kama mjusi. Sidonie alinyoosha mkono wake mkavu wa kufua akaikandamiza karatasi juu ya goti la Balagizi, ikatulia.

— Sidonie, alisema polepole, kama anavyoambiwa mtu anayeandika. Batoto bane. Bloc sept.

Bloc sept. Laurent alifia bloc sept, sehemu ya saba ya kambi. Balagizi aliandika jina, akaandika wanne, akaandika bloc. Mistari mitatu ikaisha. Juu ya mistari hiyo palisomeka: kitu kipya utakachojaribu kazini. Alitia sahihi.

— Aksanti, Papa, alisema Sidonie. Na tutaenda siku gani?

Météo, aliyejua kila siku bomu litaanguka wapi, aliangalia viatu vyake. Maître alitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Mama Apolline aliinamisha termosi ya pili juu ya kikombe cha mgeni, akaitikisa, hakikutoka kitu.

Saa tatu ilikuwa imekaribia. Balagizi alikunja karatasi, akaitia mfukoni kando ya ufunguo na ule mpira wa manjano, akasimama. Sidonie naye akasimama. Akatwika beseni lake tupu, akaja akajipanga nyuma yake, hatua moja tu, kwa utulivu, kama watu wanavyojipanga kwenye foleni.

Balagizi hakugeuka. Alianza kutembea kuelekea bureau, na yule mama akafuata.