Miaka Thelathini na Moja Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Bi Dirisha atafunga droo yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya kazi katika karakana yetu ya picha. Aliingia kama msichana wa kuchonga penseli za wenzake. Anatoka akiwa mchoraji mkuu, na mtu pekee hapa ndani ambaye neno lake kuhusu rangi halikatiwi rufaa, hata na meneja. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa meza ya jirani naye kwa miaka kumi na mmoja, na kwa sababu kuanzia Jumatatu meza yake itakuwa yangu. Niliambiwa niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini msomaji anisamehe mapema: nina kosa la kukiri, nami nitalieleza huko mbele.

Kwa wageni wasiotujua, sisi huchora sura za watu kutoka kwenye fotografia zao, kwa penseli za rangi tu. Mtu hutuletea picha ya mama yake au ya harusi yake, nasi tunamrudishia mchoro wa kutundika ukutani. Anautarajia ukae hapo miaka arobaini, na mdomo uwe mwekundu vilevile siku wajukuu watakapouliza huyu ni nani. Hapo ndipo kazi yetu inapotisha. Mchoro ukiharibika siku unapotoka, mteja atasema papo hapo. Ukiharibika polepole ukutani kwake, sisi hatupo.

Bi Dirisha alilijua hilo kwa njia ngumu. Katika mwaka wake wa nne kazini, mama mmoja aliingia mapokezi amekumbatia fremu iliyofungwa kwenye khanga. Ndani mlikuwa na picha ya binti yake, kazi ya mikono ya Bi Dirisha mwenyewe, iliyokaa sebuleni miaka miwili. Nywele zilikuwa nyeusi kama siku ya kwanza, gauni la kijani halikuguswa, lakini mdomo na mashavu vilikuwa vimepauka hadi karatasi ikaonekana. Yule mama hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri: “Mwanangu hajawahi kuugua. Mbona hapa anaonekana mgonjwa?” Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mzima wa afya, anatafuna muwa. Bi Dirisha anasema hadi leo hajasahau alivyokuwa akiangalia mara mtoto, mara picha.

Aliichora upya bure. Siku hiyohiyo alichukua kila penseli ya waridi, ya zambarau na ya machungwa iliyokuwa karakanani, akapaka mistari kwenye utepe wa karatasi, akafunika nusu ya kila mstari kwa kadibodi nyeusi, akaubandika kwenye kioo cha dirisha la magharibi, pale jua la alasiri linapopiga bila huruma. Baada ya miezi sita alibandua kadibodi. Upande uliofunikwa ulikuwa umebaki na rangi yake. Upande wa jua, penseli tisa kati ya kumi na nne zilikuwa zimekwenda na maji. Tangu siku hiyo hakuna penseli iliyogusa sura ya mteja wetu bila kukaa miezi sita dirishani, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye karatasi za mishahara tu.

Mawakala wa penseli wanamjua, na wengine wanamkwepa. Kijana mmoja nadhifu alikuja na boksi la mbao lenye rangi sabini na mbili, akamwonyesha nyota tatu zilizochapwa ubavuni mwa kila penseli kuthibitisha kwamba rangi haipauki. Bi Dirisha akamjibu kwa upole, “Nyota nazijua za angani, mwanangu. Hizi zako tutaziona dirishani.” Kisha akaigeuza penseli moja kuangalia kama kiini cha rangi kimekaa katikati ya mti, maana kikikaa upande kitavunjika kila ukichonga. Akaichonga. Akaidondosha sakafuni kutoka usawa wa meza, akaichonga tena. Wakala alikuwa ameshika shavu kama anaumwa jino. Akapaka tabaka la tano juu ya la nne kuona kama karatasi itaendelea kuipokea rangi au itaanza kuteleza kama imepakwa nta. Bei hakuiuliza mpaka mwisho. Huwa anasema penseli ghali inaweza kuwa na jina kubwa na waridi dhaifu, na kwamba boksi zima halinunuliwi kwa kuiamini penseli moja. Kila rangi ijitetee yenyewe.

Nyumbani nako hana mchezo. Mumewe, seremala aliyestaafu kabla yake, amewahi kutulalamikia kwamba mapazia yao yalisubiri miezi sita kununuliwa. Mjukuu wake wa darasa la pili alimchorea bibi maua kwa penseli za shule. Bibi akayapenda mno, akayabandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Mtoto alilia akidhani yamefichwa. Ikabidi bibi apige magoti amweleze kwamba humo gizani ndimo yatakamoishi hadi yeye awe mtu mzima. Sasa mjukuu hufungua kabati kila akija, akayakagua.

Ametufundisha watu saba. Kwa miaka ishirini na saba hakuna fremu iliyorudi mapokezi kwa sababu ya kupauka. Namba hiyo imekuwa ikinikosesha raha, na sasa nifike kwenye kosa langu.

Zawadi tuliyomwandalia ni picha yake mwenyewe, amekaa mezani, miwani imeshuka puani, anatazama ncha ya penseli. Niliichora mimi mwezi Septemba kwa siri, nyuma ya kabati la fremu, kila alipotoka kwenda kula. Waridi yetu ya zamani, ile iliyopita mtihani, haitengenezwi tena. Kwa hiyo mwezi Juni Bi Dirisha alichagua penseli mpya, waridi namba kumi na saba, akaipandisha dirishani tarehe 3. Penseli iliyo majaribioni huikata vipande viwili na kuifunga plasta nyeupe mkiani, ili mtu asiichukue kwa bahati mbaya. Siku nilipofika mdomoni, nilinyakua mezani kwake kishikio cha chuma, kile tunachochomekea penseli zilizobaki fupi ili mkono upate pa kushika. Ndani yake mlikuwa na kipisi cha waridi. Nikadhani ni mabaki ya ile ya zamani, nikashukuru, nikapaka mdomo, mashavu na ncha ya pua.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, nikisafisha vishikio, nilikivuta kipisi kile kikatoka na plasta yake nyeupe mkiani. Kishikio kilikuwa kimeimeza yote. Nikakaa juu ya ndoo. Picha ilikuwa imeshawekewa kioo, na wenzangu wote kumi na wawili walikuwa wametia saini kwa nyuma. Nilimweleza fundi fremu. Akakuna kidevu, akasema, “Hapo umelikoroga, ndugu yangu,” akaendelea kupigilia misumari.

Mtu aliyefundishwa na Bi Dirisha miaka kumi na mmoja amempaka Bi Dirisha rangi isiyopimwa. Na ukuta pekee ulio wazi sebuleni kwake, nimeuona, unatazamana na dirisha kubwa ambalo mumewe alilipanua kwa mikono yake ili mkewe apate mwanga. Jua lote la alasiri linamwagika hapo. Nilianza kumwona baada ya miaka miwili, amekaa kwenye kochi, akijitazama ukutani na mdomo mweupe. Kuchora upya sikuweza, maana sikuwa na waridi nyingine ya kuaminika. Kuchungulia dirishani ni mwiko, kwani kadibodi ikibanduliwa hairudi palepale, na miezi yote inaharibika. Miezi sita inatimia tarehe 3 Desemba. Yeye anaondoka tarehe 28 Novemba. Siku tano hizo zimenikondesha. Mara mbili niliweka kidole kwenye pembe ya ile kadibodi, mara mbili nikakiondoa.

Jumatatu wiki hii, baada ya chai ya saa nne, nilimkuta anafuta kioo kuzunguka utepe, taratibu kama anayefuta uso wa mtoto. Nikamwambia yote. Zawadi ya siri ikaishia hapo. Akauliza, “Mdomo peke yake, au na mashavu?” Nikasema na mashavu, na pua kidogo. Akataka aione. Niliileta. Akaisogeza kwenye mwanga, akaiinamisha kulia na kushoto, akasema pua nimemwongezea.

Halafu akakaa kwenye kiti, fremu mapajani, akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba kwa wiki kadhaa chakula hakimwingii. Kila mtu anamwambia sasa utapumzika, na yeye hulisikia neno hilo kama mlango unaofungwa. “Macho haya yamezoea kulinda kitu,” alisema. “Nilikuwa najiuliza nitakaa nyumbani nalinda nini.” Alilia kidogo, nami nikalia zaidi ya kidogo. Fundi fremu alisimama na nyundo yake hajui aiweke wapi.

Nilijitolea kuibandua ile kadibodi palepale ili tujue moja. Alinishika mkono. Siku tano ni siku tano, akasema, wala yeye hataanza kudanganya wiki ya mwisho. Akaomba mkasi na kipande cha kadibodi nyeusi. Akakata kipande kidogo cha kufunika nusu ya mdomo na shavu moja, akampa fundi akibandike juu ya kioo cha picha yake. Nyuma ya fremu, chini ya saini zetu, akaandika kwa mkono wake tarehe ya kukibandua, miezi sita tangu Ijumaa hii. Kisha akanigeukia. “Dirisha la hapa nakuachia wewe. La nyumbani nitalisimamia mwenyewe.”

Kwa hiyo Jumatano ijayo nitasimama dirishani bila yeye, nitabandua, nitampigia simu. Kama waridi namba kumi na saba imepauka, nimeahidi kumchora upya hata ikinichukua mwaka kuipata rangi inayofaa. Kama imeshika, bado atataka kujua itashika miaka mingapi. Sijui lipi litatokea, na naona aibu kukiri kwamba ningali na hofu. Yeye tangu Jumatatu anakula vizuri.

Bi Dirisha, kwa niaba ya karakana nzima, tunakushukuru kwa kila uso uliobaki na damu yake ukutani kwa watu ambao hutawajua kamwe. Nenda ukaishi salama na mzee wako na mjukuu wako. Tunakutakia afya, macho makali, na jua la kutosha.

Na ninyi wageni mtakaomtembelea: mtakuta picha yake imetundikwa mkabala na dirisha, nusu ya tabasamu imefunikwa kadibodi nyeusi. Tafadhali mtu yeyote asiibandue kabla ya tarehe 28 Mei. Mwenyewe yuko kazini.