Shukrani kwa Chumba Kisicho na Mtu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye jina lako limeshabandikwa pale mlangoni. Mganga Mfawidhi na watumishi wote. Walimu wakuu, masheikh, wachungaji na mapadri. Wazazi wenzangu tuliopanda mlima wa Kitonga alfajiri, nanyi mliotoka Nyololo na Madibira: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, kamwene.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwanakhamisi, Mama Faraji, muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Kamati imenipa heshima ya kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi, na mshereheshaji ameninong'oneza, "Mama, shukuru tu, usiende mbali, pilau linapoa." Nitashukuru. Mimi nimelelewa na bibi wa Kilwa, sijui kula cha watu bila kusema asante.

Tunashukuru kwa chumba. Kina madirisha makubwa, kina meza fupi za watoto, na rangi yake bado inanukia. Humu watoto wetu wazito wa kusoma, wasiotulia kwenye dawati, wenye hasira tusizojua zimetoka wapi, watapimwa jinsi akili zao zinavyofanya kazi: kumbukumbu, usikivu, lugha, jicho na mkono. Kabla ya leo kazi hiyo ilifanyika stoo ya hospitali, kati ya magodoro mabovu, na aliyeifanya ni mtu mmoja, Dokta Alinanuswe, maana huku kwetu hatujampata mwingine mwenye ujuzi huo.

Na tunashukuru kwa ratiba. Punde hivi tumesomewa kwamba baada ya utepe kukatwa, kitakachofuata ni kumuaga huyo huyo Dokta Alinanuswe. Amehamishiwa makao makuu, akaandae miongozo. Nafasi yake itajazwa, tumeambiwa, taratibu zikikamilika.

Ndugu wageni waalikwa, nimealikwa harusi nyingi maishani mwangu. Sijapata kuona watu wanafunga ndoa na kutoa talaka katika hafla moja ili pilau lisipikwe mara mbili.

Msicheke. Nina uchungu, na sitaufunika kwa khanga.

Yule kijana aliyefungua hafla hii kwa kisomo, mkasema mashaallah, Mheshimiwa akasimama kumpa mkono, ni mwanangu Faraji. Huko madrasa ustadhi wake humweka mbele wageni wakija, kwa sababu akisikia sura, inabaki kichwani. Amehifadhi kwa sikio, aya kwa aya, akimfuata ustadhi mdomo. Lakini shuleni alifika darasa la nne hawezi kusoma mstari mmoja. Sasa niambieni, hapo watu wenye akili zao wangesema nini? Wangesema mtoto huyu ana jambo la kuchunguzwa. Sisi tulisema ana dharau! Mwalimu wake, Mwalimu Timotheo, aliniita ofisini akaniambia, "Mama Faraji, mtoto kaweka sura nzima nzima kichwani, ukurasa wa darasa la kwanza unamshinda? Huyu anafanya kusudi. Dini anaitaka, shule haitaki." Basi kila aliposifiwa madrasa, alichapwa shuleni. Uwezo wake ndio uliokuwa ushahidi wa kosa lake. Wengine wakasema ana jini, jini linalopenda Kurani na kuchukia hesabu. Mwisho akaacha kwenda madrasa. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, nikisahau na huku, hawatanipiga kule." Mtoto wangu alikuwa anajifunza kusahau.

Ndipo tukapanda Kitonga kuja stoo. Dokta Alinanuswe alikaa naye siku mbili. Alimpa vipande vya mbao ajenge maumbo, akamtajia namba azirudie kinyumenyume, akamsimulia kisa cha sungura akamwambia amrudishie. Picha alizoletewa kutoka nje zilikuwa na vitu ambavyo Faraji hajapata kuviona, akaziweka kando, akachora zake: ungo, koki ya bomba, gunia la vitunguu. Hakuwa na haraka naye. Kisha akaniita, akaniambia maneno ambayo nitakufa nayo: "Mama, mwanao si mkaidi, wala si mjinga. Sikio lake linapokea vizuri na kumbukumbu yake ni nzuri kuliko ya wenzake wengi. Anakwama pale herufi inapotakiwa kuwa sauti. Jambo hilo fimbo hailiondoi. Linafundishwa, polepole, kwa njia yake."

Nililia pale kwenye magodoro, wala sioni haya kusema.

Aliteremka mpaka shuleni kwetu, akakaa na Mwalimu Timotheo. Mwalimu yupo hapa, simnyooshei kidole. Chuoni alifundishwa kuchapa mvivu, hakufundishwa kumtambua asiye mvivu. Tangu siku hiyo anamsomea maswali, Faraji anajibu kwa mdomo, na sayansi anawaburuza wenzake. Madrasa amerudi, na kusoma kwenyewe kumeanza, herufi moja moja. Lakini mwakani kuna mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na shule imeambiwa kwamba ili asomewe maswali, mtaalamu ampime upya na kumthibitisha. Miadi yake ni wiki ijayo, katika chumba hiki kizuri. Nani atampima? Meza fupi?

Mheshimiwa, asubuhi hii ulishuhudia jambo. Baada ya kisomo, mshereheshaji alifurahi mno, akamkabidhi Faraji risala ya watoto aisome. Kijana akasimama na karatasi ile, midomo inamcheza, jasho linamtoka. Baadhi yenu mkacheka. Mshereheshaji akasema, "Mtoto ana aibu, tumpigie makofi akae." Hana aibu! Katika hafla ya kufungua chumba cha watoto kama yeye, mbele ya wakubwa wote hawa, tumemtendea lile lile alilotendewa darasani, na aliyeinuka kwenda kumshika bega alikuwa mmoja tu, naye tumemwandalia shuka la mgolole la kumuaga.

Dokta Alinanuswe, mwanangu, wewe huna kosa. Mtumishi huenda anakopelekwa. Mgolole huo uvae, umeustahili. Ila nakuomba usinishukuru kwa machozi yangu, maana ninamlilia Faraji.

Namalizia, pilau lisiniandame. Kabla hamjafika, nilisimama na Faraji mlangoni, tukatazama kibao chenye jina lako, Mheshimiwa. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaitamka. Akaenda ya pili. Akafika ya tatu, akakwama, akatabasamu, akaniambia, "Basi Mama, nitalimalizia wiki ijayo, nikija kwa Dokta."

Tangazo la uhamisho lilipotolewa, watoto walikuwa wameshapelekwa nyuma ya jengo kunywa soda. Hajasikia. Mimi sitamwambia, ulimi huo sina. Mheshimiwa, ukishaukata utepe wako, zunguka pale nyuma, umtafute, umwambie wewe. Usimwandikie. Mwambie kwa mdomo, na uchague maneno yako vizuri, kwa sababu mwanangu akishasikia jambo, hasahau.

Asanteni kwa masikio yenu.