Joseph Muema Kitavi, Aliyeendesha Gari la Bendera

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa na marafiki, mimi ni Nzomo, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, lakini kabla sijasoma ni lazima niseme kwamba kaka yangu amelala hapa akiwa na jina baya mjini, na jina hilo nilisaidia kumpa, kwa sababu siku aliyoitwa mbele ya kamati ya nidhamu alinitaja mimi kuwa shahidi wake, nikaulizwa niliona nini, nikajibu sikuona kitu, na nilikuwa nimeona.

Joseph Muema Kitavi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mwingi, kifungua mimba wa mzee Kitavi na mama Kanini, ambao Mungu alishawaita, akasoma shule ya msingi pale pale nyumbani kutoka 1975 hadi 1981, akaingia sekondari, akafika kidato cha pili karo ikakosekana, na mwaka 1987 akaja Nairobi, akaosha magari mjini mpaka mwenye gari mmoja alipomhurumia akamfundisha kuendesha.

Tarehe 3 Juni 1996 aliajiriwa dereva katika ofisi ya mjini inayoshughulikia mambo ya Jumuiya, ule umoja wa nchi yetu na jirani zake, na kwa vile alikuwa mtu wa suti safi na maneno machache, alipewa gari la wageni, lile lenye kibendera cha Jumuiya pale mbele, kwa hiyo nchi yoyote ilipotaka kuingia katika Jumuiya na ujumbe wake ukashuka kwenye ndege, Mkenya wa kwanza kuwashika mkono alikuwa Muema, akiwaambia, “Karibuni nyumbani, mikanda tafadhali,” na mawaziri wazima wakifunga mikanda kama watoto wa shule. Mimi aliniombea kazi ya utarishi ofisi hiyo hiyo, na sikuwahi kumshukuru vya kutosha.

Alifunga ndoa na Mwongeli tarehe 12 Desemba 1998 katika kanisa hili la Jamhuri, Mungu akawajalia Ndanu na Mutie, wakaishi Kangemi, na nyumba yao ilikuwa na wageni kila Jumapili.

Sasa nafika Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana karatasi mliyo nayo mikononi imeandika tu kwamba “aliacha kazi.” Siku hiyo ujumbe wa nchi jirani ulikuwa unatua saa nne asubuhi, ukiongozwa na waziri wao, mama mmoja mzee, kuja kuzungumzia kuingia kwao, na siku hiyo hiyo mkubwa wetu, Mkurugenzi Musili, alikuwa anapeleka ntheo Machakos kwa ajili ya kijana wake, na sisi Wakamba tunajua kwamba mbuzi wa ntheo wasipofika, huyo msichana bado si mke wa mtu. Mbuzi watatu niliwapandisha kwenye pikapu kwa mikono yangu, kule kwake Loresho, lakini Mkurugenzi hakutaka kuingia kwa wakwe kwa pikapu, alitaka gari la bendera, na Muema alipomwambia, “Mkubwa, wageni wa ndege je?” alijibiwa, “Hao watakunywa chai. Wakwe hawangoji. Na hiyo bendera usiitoe.” Basi bendera ya mataifa yetu ikaenda Machakos ikiwatangulia mbuzi, na yule mama akakaa kwenye kiti cha plastiki pale uwanja wa ndege hadi alasiri, akatafuta teksi mwenyewe, na kesho yake akarudi kwao, mazungumzo yakalala.

Kosa kubwa namna hiyo lilihitaji mwenyewe. Mkurugenzi aliiambia kamati kwamba dereva alichukua gari kwa safari zake, na kabla sijaingia kutoa ushahidi alinishika bega kwenye ngazi akasema, “Nzomo, wewe kazi bado unaipenda, sindiyo?” Kaka yangu alifukuzwa, mimi nikabaki nikipeleka faili.

Kila mahali alipoomba kazi, Kileleshwa, Westlands, mpaka gari la shule, walipiga simu ofisini kuuliza tabia yake, na simu hiyo ilijibiwa na Musili, “Huyo ni mwizi wa magari.” Nchi ile ilipokuja kupokelewa, tulimwona Musili kwenye televisheni akipewa nishani kwa kuwafungulia mlango, Muema akatazama mpaka mwisho, akasema, “Hata hivyo wamefika,” akaenda kulala, na hakunitukana hata siku moja, ingawa kutukanwa kungenisaidia.

Mwaka 2021 alipatikana na presha, figo zikafuata, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 2 Septemba 2025, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono, alituacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kangemi mliolala nasi kwenye matanga, akina mama wa kanisa, na madereva wenzake wa ofisini, ninyi mliokuja kumwona kwa siri.

Mchungaji amehubiri msamaha, nimemsikia, nami nitapiga magoti, lakini si leo, kwa sababu Mkurugenzi Musili ameketi hapo mbele, ameomba dakika tano akapewa, akasimama akamwita kaka yangu “dereva mwaminifu, nguzo ya Jumuiya,” na mimi namuuliza mbele ya jeneza, neno hilo mwaminifu lilikuwa wapi miaka yote ulipokuwa umeshika simu? Wamo humu ndani waliokula nyama ya siku ile na wakaliona gari. Jumatatu naenda kuiambia kamati nilichokiona, kazi na iende, na nitawataja.

Kaka Muema, pumzika sasa, safari zimeisha na huna wa kumngoja.

Na wewe Mkurugenzi, nakuomba jambo moja tu, shada lako la maua liko pale mlangoni, tafadhali nenda ukalichukue kabla hatujaondoka kwenda Mwingi.