Fundi Yoeli Nanyaro na Mikanda ya Kiti cha Nyuma

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, Fundi Yoeli Nanyaro atavua ovaroli yake ya bluu na kustaafu, akiwa na miaka sitini kamili. Ameitumikia Mbawa Safari miaka kumi na minne, tangu kampuni ilipoanza mwaka 1989 ikiwa na ndege moja, simu moja na kiti kimoja kilichogombaniwa na watu watatu. Ukijumlisha na miaka yake ya jeshini, ameshika ndege kwa miaka thelathini na mitatu. Wapo marubani wetu ambao hata hawajaufikia umri huo.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi kwa kuwa mimi, Agnela Shirima, ndiye ninayetunza vitabu vya kumbukumbu za ndege, na inasemekana najua kila kitu. Haya, nitaandika. Lakini nitaeleza pia ajali ya ndege yetu ya zamani, Kuruta, maana imeeleweka vibaya kwa miaka minane. Kwa sababu yake Fundi amenyimwa salamu na mtu mmoja, na salamu hiyo anaitaka kuliko zawadi yoyote tutakayomfungia. Ameshasema kwamba hataki kuhamia Kikatiti moja kwa moja kabla hajaipata.

Alizaliwa hukohuko Kikatiti, kwenye shamba la kahawa na migomba. Jeshini alifundishwa kutengeneza ndege za mafunzo za viti viwili, mwanafunzi anakaa mbele na mwalimu nyuma. Huko ndiko alikokutana na rubani kijana wa Tanga, Abdulsalam Mbwana. Mmoja Mlutheri wa Meru, mpole, anayeongea kama analipia kila neno. Mwingine Mwislamu wa pwani, mcheshi, ukimpa nafasi hanyamazi mpaka jua linazama. Wakashibana. Abdulsalam alipooa, Fundi Yoeli alikwenda Tanga kwa basi akiwa na mbuzi, na tangu siku hiyo Siwema, mke wa Abdulsalam, akawa shemeji yake kwelikweli.

Biashara zilipofunguliwa na vibali kulegezwa, mkurugenzi wetu, Mzee Arnold Mmasi, aliacha duka lake la vipuri vya magari akanunua ndege. Watu mjini walimcheka. Alimwajiri Fundi Yoeli kwanza, na Fundi akasema hatii mguu uwanja wa ndege wa Kisongo bila rubani wake. Ndivyo Abdulsalam alivyopata kazi, bila hata kuandika barua.

Mwaka 1992 Mzee Arnold akarudi kutoka safari ya nje na habari kwamba amenunua ndege nyingine. Ilifika ndani ya kontena, vipande vipande, na maboksi yake yamejaa majani makavu. Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani wa jeshi la nchi moja ya mbali, imeundwa kabla sisi wengi hatujazaliwa. Fundi Yoeli aliifungua boksi baada ya boksi kwa miezi saba. Vipuri vingine havikuwapo popote duniani, akavichonga mwenyewe. Siku injini ilipowaka ilikohoa moshi mweusi, wapishi wa kantini wakakimbia na masufuria yao, na Abdulsalam akasema huyu ni kuruta mpya kambini, lazima apige kelele. Jina likabaki.

Kazi yenyewe ya Kuruta ilikuwa ya aibu kidogo kwa ndege ya jeshi. Ilikuwa inavuta mabango ya matangazo juu ya mji: sabuni, rangi za nyumba, redio za betri. Enzi zile kila wiki lilifunguliwa duka jipya na kila mwenye duka alitaka jina lake lipite angani. Siku moja bango la sabuni lenye urefu wa mita thelathini lilikatika likaangukia Kikatiti, tena siku ya soko. Fundi Yoeli alitumwa kulifuata, kwa kuwa ni kwao. Alikuta limeshagawanywa kwa mkasi, kipande kikubwa kikiwa kimetandikwa uani kwa dada yake Penina, maharage yanaanikwa juu yake. Penina alimwambia kilichoanguka kutoka mbinguni hakirudishwi. Fundi akala ugali, akarudi mikono mitupu, na katika ripoti yake akaandika kwamba bango linaendelea kutumika.

Jumapili baada ya ibada, marubani wazee waliostaafu jeshini walikuwa wanakuja Kisongo kumwona Kuruta. Walimzunguka, wakampapasa, wakaweka pua kwenye kiti cha mbele wanuse ngozi na mafuta. Kisha wanakaa juu ya madebe na maneno yanaanza. Mmoja alikumbuka mwalimu wake aliyekuwa akimpiga kofiani kwa ramani iliyokunjwa. Mwingine alikiri kwamba alitapika ndani ya glovu zake na kuzivaa hivyohivyo, kwa kuogopa kuchafua ndege ya serikali.

Ila wote, bila kupishana, walikumbuka jambo moja. Siku ya kuruka peke yako kwa mara ya kwanza, mwalimu anateremka kiti cha nyuma, halafu anainama na kuifunga mikanda ya kiti kile kitupu, barabara, kana kwamba kuna mtu. Kule nyuma kuna fimbo ya usukani inayotembea pamoja na ya mbele. Mkanda ukiachwa wazi unaweza kuinasa, na rubani aliyeko mbele hauoni wala haufikii. Walisema mlio wa chuma cha mkanda kikijifunga nyuma yako ndio uliokuambia kwamba sasa uko peke yako. Wazee wale walikuwa wakiusimulia huku wanafuta macho.

Kwa hiyo kwetu ilikuwa sheria: anayeteremka kiti cha nyuma ndiye anayefunga mikanda, kabla mguu wake haujaliacha bawa.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi ya tarehe 26 Agosti 1995, na ndugu zangu mnivumilie. Mzee Arnold alikuwa na utaratibu kwamba kila mfanyakazi akitimiza mwaka mmoja anarushwa na Kuruta mara moja, bure. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikulala usiku kucha kwa furaha. Fundi Yoeli alinifundisha asubuhi kuifunga mikanda ya kiti kitupu, akanirudisha nikafunga tena mbele yake. Tuliruka dakika ishirini. Niliuona Meru kwa karibu kama ukuta wa nyumba ya jirani, nikaiona mitaa ya Moshono, nikamwona mtu anaanika nguo, nikapiga makelele mpaka Abdulsalam akacheka kwenye waya wa masikioni. Alinionyesha paa la mabati mapya, nyumba aliyokuwa anamjengea Siwema.

Tulipotua injini haikuzimwa. Alikuwa na bango la rangi za nyumba la kuvuta saa hiyohiyo, peke yake. Nilijivua mikanda, nikaruka chini, nikawakimbilia wenzangu waliokuwa wananisubiri wanisikie. Fundi Yoeli alikuwa mkiani anaweka kamba ya bango. Akapaza sauti:

"Agnela, umefunga?"

"Nimefunga!"

Sikuwa nimefunga. Sikuwa hata nimekumbuka. Nilijibu kama mtu anavyojibu "mzima" akiulizwa hali. Akaniamini, akampungia Abdulsalam mkono.

Abdulsalam alivuta bango mjini, akarudi, akaliangusha vizuri panapoangushiwa. Wakati wa kutua, alipotakiwa kuinua pua ya ndege, haikuinuka. Ilipiga ardhi mita mia mbili kabla ya uwanja, kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Fundi Yoeli alifika wa kwanza, mwendo wa miguu, na ndiye aliyemtoa. Aliuona mkanda umejizungusha kwenye fimbo ya nyuma. Abdulsalam aliishi siku tatu hospitalini. Hakuzungumza tena, yeye aliyekuwa hanyamazi. Tulimzika kabla ya magharibi siku ya nne, na Zakia, binti yao, alikuwa na miaka sita.

Wachunguzi wawili walikuja wakauliza nani alikuwa na jukumu la kukagua mikanda. Fundi Yoeli akasema ni yeye na hakukagua. Wakauliza kama kuna mtu mwingine anayehusika. Akasema hapana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kitabu cha kumbukumbu za Kuruta kifuani, na sikufungua mdomo. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake Fundi aliirudisha leseni yake mwenyewe kwa barua ya mistari miwili, akaomba apangiwe matairi na uoshaji. Fundi aliyechonga vipuri visivyopatikana duniani ameosha ndege zetu kwa sabuni na ndoo kwa miaka minane. Ninyi wageni mliomkuta hivyo, mkamwita Mzee wa Ndoo, nawajua kwa majina.

Siwema aliisoma ripoti. Alituma watu wamwambie Fundi asikanyage kwake. Lakini kila Idi Fundi hupanda mpaka Moshono na mkungu wa ndizi, husimama nje ya geti, hupiga hodi, husema, "Shemeji, ni Yoeli." Hakuna anayeitikia. Huacha ndizi na kuondoka, na jioni Zakia hutumwa, pamoja na mtu wa toroli, kuzirudisha Kisongo. Idi kumi na sita mpaka sasa. Mimi ndiye niliyezipokea hizo ndizi pale ofisini, na hata hilo halikunifungua mdomo. Niliungama kwa padri mwaka ule ule. Padri aliniondolea dhambi, lakini hakuwa yeye mwenye mume aliyekufa.

Mwezi uliopita nilipopewa kazi hii ya kuandika, nilikaa na karatasi siku nne. Kila nikifika 1995 kalamu inagoma. Mwishowe nikaenda kumwangukia Fundi kule kwenye matairi, nikamwambia yote. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ile, kwani aliuona mkanda kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamuuliza kwa nini sasa lawama alibeba yeye. Akafuta mikono taratibu, maana mtu huyu hana haraka na neno, akasema:

"Mwanangu, nilikuuliza badala ya kutazama. Fundi hatakiwi kuuliza. Hiyo ni yangu, usininyang'anye."

Akaniomba nisiandike. Fundi, naomba radhi mbele ya wote, hilo siwezi kukutii. Miaka minane nimekutii kwa kunyamaza, na ilikuwa inanifaa mimi.

Nikaenda Moshono. Mama Zakia alinikaribisha kwa heshima akidhani nimeleta kadi ya sherehe. Nilimwamkia, nikakataa kukaa, nikasema nilichokwenda kusema: kwamba mikanda niliiacha mimi, kwamba niliulizwa nikadanganya, kwamba Fundi Yoeli amekuwa akijua na hakunitaja. Zakia, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na minne mwenye macho ya baba yake, alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Mama yake hakulia mbele yangu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama baba Zakia alicheka siku hiyo. Nikamwambia alicheka sana, na alinionyesha nyumba hii. Ndipo akajifunika uso kwa ukaya wake.

Alipoutoa alisema, "Mwambie shemeji yangu aje Ijumaa baada ya sherehe yenu, swala ikiisha. Wewe usije tena."

Ana haki. Sitakwenda.

Mzee Arnold amezisoma kurasa hizi akiwa amesimama, akanirudishia akisema zichapwe zilivyo. Yangu na yeye tutayamaliza ofisini Jumatatu. Ninyi wenzangu mtakaosoma haya huku mnakula pilau, niangalieni mnavyotaka, ila Jumamosi mkimpa mkono Fundi Yoeli, mpeni kwa adabu. Hakuna ndege aliyoisaini yeye iliyowahi kumwangusha mtu kwa kosa la kazi yake. Amewafundisha mafundi kumi na mmoja, wanne sasa wana karakana zao, na katika vitabu vyote ninavyovitunza hakuna mstari wake hata mmoja uliofutwa kwa kalamu.

Fundi, kwa niaba ya Mbawa Safari, asante kwa miaka kumi na minne. Kwa niaba yangu sina neno linalotosha, nimelitafuta sana. Tunakuombea afya huko Kikatiti, migomba isiyoangushwa na upepo, na usingizi wa mtu asiye na deni kwa yeyote. Ijumaa ukifika Moshono usisimame nje ukapiga hodi. Mama Zakia ametuma neno kwamba chai utainywa ndani.