Mwalimu Mikdad na Majina Mia na Tatu

Assalaam alaykum, ndugu na majirani. Wasifu huu nimeuandika mimi, Shamsia Kitwana, mdogo wake marehemu, mwenye elimu ya darasa la saba. Anayewasomea ni binti yangu Ashatu, kwa sababu nikisoma mwenyewe nitaanza kugombana na watu.

Marehemu Mwalimu Mikdad Kitwana Mwishehe alizaliwa Mlingotini tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Kitwana na Bi Fatu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mlingotini, 1979 hadi 1985, na katika darasa zima akachaguliwa sekondari peke yake. Alikwenda kwa miguu, viatu mkononi visije vikaisha kabla ya mwaka. Mwaka 1995 alihitimu ualimu wa hisabati huko Korogwe.

Alianza kazi Miono mwaka 1996. Tarehe 19 Juni 1999 alimuoa Bi Wahida Abdala wa Pangani. Siku hiyo shehe alisubiri mpaka akachoka. Bwana harusi alikutwa chumbani, kanzu kishavaa, anamalizia kusahihisha karatasi za kidato cha pili. Bi Wahida mpaka juzi alikuwa akisema, "Mimi nina mke mwenzangu, daftari la mahudhurio."

Mwaka 2007 alihamia Sekondari ya Mwambakuni, na 2011 akawa mwalimu wa taaluma, msimamizi wa masomo na mitihani. Huko ndiko alikonasa. Alikihesabu kidato cha nne cha 2018: wanafunzi 112, wasichana 64. Kati ya wote, arobaini na watatu walitembea zaidi ya kilomita nane, au walipanga vyumba wakijipikia wenyewe. Waliopata sifuri ni 38. Kati yao 33 walikuwa hao wa mbali. Akaandika kuomba bweni, na hesabu yake akaiambatisha. Jibu halikuja. Lililokuja, Februari 2019, ni agizo la mkuu wa shule wa wakati ule: wanafunzi dhaifu 27 wahamishwe kwa karatasi, wakafanyie mtihani shule nyingine, mbele ya Kiwangwa, wasishushe wastani.

"Mkuu, hawa wanatembea," marehemu alimwambia.

"Mwalimu, miguu haiandikwi kwenye matokeo."

Akawahamisha. Jina la kwanza alilitoa la Ashatu huyu anayewasomea, mpwa wake wa damu, watu wasiseme amependelea. Alipokuja kunieleza nilimwambia, "Kaka, kuanzia leo shikamoo sikupi." Na sikumpa.

Wastani ukapanda, akapewa cheti na saa ya ukutani. Mara tatu aliomba kuachia taaluma, mara tatu akajibiwa, "Ukiondoka wewe, nani atatupandishia wastani?" Kila Februari agizo lilirudi, naye akatii. Miaka mitano, majina mia na tatu. Hao hao aliwafundisha kila alasiri barazani kwake, hamwangalii mtu usoni. Ashatu alipata daraja la tatu. Wengi hawakupata kitu. Sisemi uongo mbele ya jeneza.

Novemba 2023 aligundulika figo zimeharibika. Februari 2024, huku akienda Dar kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, aliwaandikisha wanafunzi wote 118 mtihani hapo hapo shuleni, asimhamishe hata mmoja. Mkuu mpya alimuuliza, "Unajua utatuangusha kiasi gani?" Akajibu, "Najua mpaka nukta."

Matokeo yalitoka mwezi uliopita. Wastani ulianguka, na barua ya kumvua cheo cha taaluma ikamfuata kitandani. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, akaniambia nimsomee. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Halafu nikamwambia, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema. "Imechelewa, lakini marahaba."

Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa saba mchana. Anazikwa leo baada ya sala ya Ijumaa.

Ameacha mke, Bi Wahida. Watoto watatu, Twalib, Mize na Najma. Mimi mdogo wake. Na mpwa wake Ashatu. Ameacha pia watoto mia na tatu. Majina yao yako nyuma ya karatasi mliyoshika. Aliyaandika mwenyewe akaagiza yatoke yote. Sisi tumetoa kopi tu. Msiyaache kwenye majamvi.

Mola amsamehe alipotii, amlipe alipokataa, na ampumzishe kwa amani ambayo Mwambakuni hakuipata.