Kadi ya Mke wa Kinyozi

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MHUDUMU: Shikamoo mama. Ni mimi, yule mhudumu wa kikundi cha afya ya mama na mtoto. Niliyekuja jana na mashine ya presha.

FUNDI: Marahaba mwanangu. Ngoja nisimamishe cherehani... Haya. Sema upesi, nina mapazia ya watu hapa na mwenyewe ana mdomo huyo!

MHUDUMU: Mkweo yuko wapi?

FUNDI: Hee! Hata habari huulizi?

MHUDUMU: Habari za hapo mama. Yuko wapi?

FUNDI: Chumba cha nyuma, kalala. Saa tano hii! Mimi na mimba ya huyo mumewe nilikuwa nabeba majora ya kitambaa kichwani na—

MHUDUMU: Kalala tu, au kuna kinachomuuma?

FUNDI: Kichwa. Tangu jana wimbo ni huo huo. Nimemwambia, mimba ya miezi minane si ugonjwa. Na wewe mwenyewe ulisema yuko buheri wa afya.

MHUDUMU: Ndiyo maana nimepiga. Mama, nilikosea.

FUNDI: Nini? Mtandao unakwaruza—

MHUDUMU: Nilikosea! Kadi za wajawazito. Jana niliwakalisha kwenye benchi lako, si unakumbuka? Nikazipanga kadi kwa jinsi walivyokaa. Wa kwanza juu, wa mwisho chini. Halafu nikaanza kupima.

FUNDI: Nakumbuka. Sasa?

MHUDUMU: Mke wa kinyozi alikuwa mwisho kabisa, ukutani. Mkweo kando yake.

FUNDI: Mwanzoni, ndiyo. Si wakabadilishana? Mke wa kinyozi alimwona mwenzake anashika kiuno, akamwachia ukuta aegemee. Nikasema moyoni, utu bado upo.

MHUDUMU: Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama natia betri kwenye mashine. Nikaandika kwa mpangilio wa kadi zangu.

FUNDI: Malizia.

MHUDUMU: Asubuhi gari letu limempeleka mke wa kinyozi hospitali, kwa presha ya juu. Wamempima mara tatu, hana kitu. Ndipo aliposema walibadilishana nafasi. Mama... ile presha ni ya mkweo.

FUNDI: Juu kiasi gani?

MHUDUMU: Mia na sabini kwa mia na kumi na tano.

FUNDI: Mimi hesabu yangu ni futi na inchi. Niambie nielewe.

MHUDUMU: Anaweza kushikwa na kifafa cha mimba wakati wowote. Tunaweza kumpoteza, yeye na mtoto.

FUNDI: Wee! Usinitamkie maneno hayo ndani ya nyumba yangu!

MHUDUMU: Nenda kamwone, mama, tafadhali. Usikate simu.

[mlango, viatu]

FUNDI: Kaziba dirisha kwa khanga. Mwanga unamuumiza, anasema. Mke wa mwanangu! Geuka huku nikuone... Masalale! Uso umemjaa. Jana haukuwa— aah, jana sikuutazama.

MHUDUMU: Macho je? Muulize.

FUNDI: Anasema anaona vimulimuli.

MHUDUMU: Mlaze ubavu wa kushoto. Asile kitu. Na akikakamaa, mweke ubavu hivyo hivyo, usimtie kijiko mdomoni. Kitu chochote usimtie.

FUNDI: Basi leteni hilo gari lenu!

MHUDUMU: Liko huko huko hospitali nilikolituma kwa kosa langu. Kulisubiri ni saa nzima. Jirani gani ana gari?

FUNDI: Yule anayebeba mchanga. Lakini hatusemezani, mwaka wa pili huu, tangu amwage tripu nzima mbele ya—

MHUDUMU: Mama!

FUNDI: Naenda, naenda! [mbali na simu] Jirani! Jirani, fungua! Mkwe wangu jamani!... [anahema] Kachukua ufunguo. Hata hajauliza.

MHUDUMU: Mwambie hospitali kubwa, asipite zahanati. Wanamsubiri, nimeshawapigia. Na ile kadi msiitoe, imeandikwa vipimo vya mwenzake.

FUNDI: Wewe binti! Mkono wangu ungekuwa unafika huko uliko—

MHUDUMU: Najua, mama.

FUNDI: Hujui!... Wakiuliza nani alisema abaki nyumbani?

MHUDUMU: Nitaje mimi. Wakubwa wangu nimeshawaambia.

FUNDI: Na wakiuliza kaanza lini kuumwa?

MHUDUMU: Sema ukweli tu. Jana.

FUNDI: Jana alasiri. Alinijia hapa mezani, akasema mama, kichwa kinapasuka. Nikampa... nikampa mashati ayatie vifungo. Nikamwambia kazi itakusahaulisha.

MHUDUMU: Mama, ulikuwa umeambiwa ni mzima. Mimi ndiye—

FUNDI: Usinibebee lawama. Beba zako.

MHUDUMU: Salio linaniishia. Mmeshampandisha?

FUNDI: Subiri. Natangulia mimi, alale mapajani mwangu. Taratibu jirani, shika miguu... hapo hapo. Funga mlango. Twende!

MHUDUMU: Anaongea? Mama? Anaongea?

FUNDI: Anaongea. Kauliza nani kwenye simu, nimemwambia.

MHUDUMU: Mwambie anisamehe. Mwambie nipo njiani, nakuja kwa miguu kama—

FUNDI: Kakusikia. Anasema usilie, yeye hana neno na wewe.

MHUDUMU: Na wewe je, mama?

FUNDI: Mimi?... Mimi hajaniambia kitu. Kanishika tu mkono. Jirani, kanyaga basi! Kanya—

MHUDUMU: Mama? Haloo? Mama?

[Salio limekwisha.]