Mzee Antipasi Hakuwa Amelewa

Mgeni rasmi, Daktari Zefania, Mganga Mkuu wa Wilaya, tunakuamkia sote kwa heshima. Asante kwa kuiacha lami ukaja mpaka kwetu Sepuka.

KIKUNDI KILIVYOANZA

Kikundi hiki cha majirani wa zamu kilianza kwa kosa letu, hatutakuficha. Mwaka juzi tulikuwa tunapura mtama kwa Mzee Antipasi, mwenye miaka sabini na minne. Kama ilivyo kawaida, wapuraji tuliwekewa pombe. Saa nne asubuhi mzee akaanza kuyumba. Akatapika, ulimi ukawa mzito, akasema anatuona wawili wawili. Tulicheka, tukasema mwenye shughuli kaionja mapema. Tukamlaza kivulini pombe imtoke.

Mkewe, Mama Theresia, alituambia, "Huyu hajaonja hata tone."

Hatukumsikiliza. Kiharusi tulichokijua ni mdomo kwenda upande na mkono kulegea, naye hakuwa na hayo. Kufika alasiri hata mate yalikuwa yanampalia. Ndipo tukamkimbiza hospitali, na picha ya kwanza ya kichwa haikuonyesha kitu. Ya pili, Dodoma, ilionyesha mshipa umeziba kwenye shina la ubongo, panapoongoza kumeza, kusema na kutembea. Tulikuwa tumechelewa mno.

TULICHOWEZA

Tumeshika zamu miezi kumi na tisa. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili, na hana kidonda hata kimoja. Mwanzoni chakula kilipita kwenye mpira wa puani. Siku moja tukamwonea huruma tukamnywesha uji mwepesi, ukampalia, nusura tumuue. Muuguzi Magreth alitugombeza, kisha akatufundisha. Sasa anakula uji mzito, kijiko kimoja kimoja, akiwa ameketi wima.

Hasemi na mikono haiendi, ila akili ni timamu. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

YANAYOTUSHINDA

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko Singida mjini, na mzee hapandi bodaboda. Linalotuuma zaidi, wageni wakija hutusalimia sisi, yeye wanamruka. Hata watoto hawampi shikamoo, wakidhani hasikii.

MAOMBI

Tunaomba mtaalamu huyo afike hapa walau mara moja kwa mwezi. Tunaomba pia kila kitongoji kifundishwe kwamba kuyumba ghafla, kuona viwili na kupaliwa huweza kuwa kiharusi, hata kama mtungi wa pombe uko pembeni. Aliye karibu na mgonjwa asikilizwe.

Jana tulimsomea mzee risala hii, tukamwuliza kama tuseme lile la kivulini. Akafumba mara moja. Tukamwuliza kama ametusamehe. Alitutazama sana, kisha akafumba mara moja. Mama Theresia bado hajatujibu.

Mgeni rasmi, Mungu akutunze wewe na wagonjwa wote walio mikononi mwako. Mzee ni yule wa kiti cha mbele, mwenye blanketi. Ukishuka jukwaani, tunakuomba umpe shikamoo, kisha usubiri. Macho yakifumba mara moja, ameitikia marahaba.

Ni sisi,
Majirani wa Zamu ya Mzee Antipasi, Sepuka.
Imesomwa na Pendo Manase, Katibu.